Kofia ya Dereva

Mtaa mzima unamwita Fundi, basi. Jina alilopewa na wazazi wake hata majirani wamelisahau, na yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hilo anachelewa kugeuka. Anashona ngozi: viti vya pikipiki, mikanda, mabegi yaliyochanika mpini, na siku moja moja kiatu cha mtu asiye na haya ambaye ameshakataliwa na mafundi viatu wote. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa gereji ya mumewe. Ukiingia kwa Fundi unatoka unanuka oili, na ukiingia kwa mumewe unatoka na nyuzi kwenye suruali.

Mumewe ni Makanika. Mtu mkubwa huyo, mwili na sauti, na mcheshi wa kupindukia. Mteja anakuja amefura kwa sababu gari lake limekaa gereji zaidi ya alivyoahidiwa, na anaondoka anacheka, gari bado halijapona. Maneno anayo, jamani. Akiamua kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa unajiona unang'aa mwili mzima. Fundi alikuwa anayajua hayo kuliko mtu yeyote, maana alikuwa anamsikia ukutani kutwa nzima akiwapaka wengine, na bado alikuwa anadhani yeye hayumo katika hesabu ya wanaopakwa. Hapo ndipo alipokosea, maskini.

Na kulikuwa na Kitinda, mdogo wake Fundi, mtoto wa mwisho kwao. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado anaogeshwa kwenye beseni, na aliyekuwa anamwogesha ni Fundi. Aliacha shule kwa ajili yake, akajifunza kushona ngozi kwa sababu ni kazi ambayo ungeweza kuifanya mtoto akiwa amelala miguuni pako. Sasa Kitinda ni mwanamume mwenye ndevu, anafunga na kufungua matairi gereji kwa shemeji yake, lakini akimwita "Dada" utadhani bado anaomba kufungiwa kamba za viatu.

Haya, sasa tuje kwenye gari.

Gari lilikuwa limelala nyuma ya gereji miaka mingi, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Nje ya mji kuna barabara inayopanda mlima kwa kona za kutisha, na kila mwaka wenye magari ya zamani, yale ya wazi, hukutana pale kushindana nani atafika juu kwanza. Makanika aliyaangalia mashindano hayo kwa jicho la tamaa mpaka siku moja uvumilivu ukamwishia. Akawafukuza kuku. Akalivua gari paa, akalivua milango, akaling'oa kiti cha nyuma, na mwisho kabisa akalivua kioo cha mbele na fremu yake. Uzito, alisema. Gari jepesi ndilo linalopanda.

"Na upepo?" Fundi alimuuliza.

"Upepo ni hewa tu, mke wangu. Hewa imemuua nani?"

Akajifinya nyuma ya usukani, na tumbo likaugusa usukani, akawa kila akikata kona lazima avute pumzi kwanza. Alivaa miwani ya jua na kapelo. Kapelo iliruka kabla hata hajamaliza mtaa. Miwani ilimfuata kwenye mteremko. Alipofika barabara kubwa, mdudu mmoja mgumu, wa wale wenye ganda, alimpiga katikati ya macho, na Makanika akapiga kelele akaliingiza gari kwenye mtaro. Fundi na Kitinda walimkuta amekaa ukingoni ameshika paji la uso, anaapa amepigwa risasi. Kitinda alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe unacheka," Makanika alisema. "Haya, kaa wewe kwenye usukani."

Kitinda wakati ule alikuwa hajui kuendesha hata toroli. Aliyekaa ni Fundi. Alijifunga kitambaa kichwani na kingine mdomoni, akaazima miwani ya fundi wa kuchomelea, akalitoa gari mtaroni na kuondoka nalo. Miwani ile ni nyeusi mno, kwa hiyo kwenye kivuli cha miti hakuona kitu, akaivua akaiweka mapajani. Upepo ukamvamia. Ulimwingia puani, masikioni, machozi yakatoka na kukimbilia nyuma kuelekea masikioni, na vumbi likawa linamchoma mashavu. Alirudi macho mekundu, kitambaa hana, nywele zimesimama, na anacheka kicheko ambacho Makanika, pamoja na miaka yote ya ndoa, alikuwa hajawahi kukisikia.

"Lo!" Makanika alisema. "Kumbe dereva tulikuwa naye ndani ya nyumba."

Siku ile ile, mbele ya Kitinda na mafundi wengine, aliweka mkono kwenye boneti akaapa. Mbio za mwaka huu gari lake litaendeshwa na mkewe. Mwepesi, ana jicho, ana moyo. Fundi alisema acha utani wako, lakini alikuwa ameshakubali tangu chini kabisa ya roho yake. Mtu ambaye maisha yake yote ameinama juu ya sindano akitengeneza vitu vya kukaliwa na kubebwa na wengine, akapewa siku moja barabara nzima imjie usoni, unadhani atasema hapana? Aliitaka siku ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakulificha hilo.

Kwa hiyo akaanza kutafuta cha kuvaa. Gari lisilo na kioo, kioo chake lazima ukivae wewe mwenyewe. Alijaribu helmeti ya pikipiki: upepo uliingia chini ya kidevu ukaivuta nyuma mpaka shingo ikakataa kugeuka wiki nzima, na ndani yake hakuisikia injini, na dereva asiyeisikia injini anabadilisha gia kwa kubahatisha. Akaamua atashona. Kofia ya ngozi laini aliyoitoa kwenye koti la zamani, yenye bitana ya fulana nene ndani, na kati ya ngozi na bitana akatandika sponji ngumu mbele, nyuma na ubavuni, pale kichwa kinapogonga mtu akianguka. Masikioni akatoboa matundu madogo madogo, sauti ipite na upepo usipige mluzi.

Miwani ndiyo iliyomtoa jasho. Kioo cha kawaida alikikataa, maana kokoto moja tu na vipande vyote viko jichoni. Akakata plastiki ngumu ya kukinga uso kutoka kwenye helmeti mbovu, akaizungushia vikombe vya ngozi vilivyokaa barabara kwenye mifupa ya macho. Ya kwanza ikaingia ukungu alipokuwa kwenye kona, akaendesha kwa kukumbuka. Ya pili akaiwekea matundu juu, vumbi likaingia. Ya tatu akayaweka matundu pembeni, yakitazama nyuma, na hapo ikakubali. Siku hiyo alipanda mlima wote bila kupepesa jicho, mbu na nzi wakigonga plastiki, ta, ta, ta, na yeye amekaa humo ndani kama mtu aliye sebuleni kwake anaangalia mvua.

Miwani hiyo iliyokubali ndiyo aliyomfundishia Kitinda. Makanika ndiye aliyetoa wazo. "Mfundishe mdogo wako usukani. Awe anatusaidia kuleta vipuri." Wazo zuri, nani angelikataa? Alfajiri kabla ya kazi walikuwa wanatoka wawili, Kitinda kwenye usukani, Fundi kando yake amejifunika kitambaa uso mzima akitumia jicho moja moja. Alimfundisha kona kwa kona. Hapa usiguse breki. Hapa acha gari likae lenyewe, usilibishie. Kitinda alishika haraka, na Fundi akajivuna nyumba hadi nyumba: mdogo wangu ana mikono, jamani, yule mtoto ana mikono.

Mbio zilipokaribia, gereji ikajaa watu wa kupiga domo, na Makanika akawa anawatia hamu. Fundi alikuwa anamsikia ukutani, sindano mkononi.

"Dereva wetu mwaka huu mtamwona wenyewe," alikuwa anasema. "Anaijua barabara ile kuliko aliyeichonga. Na haogopi. Mimi mwenyewe namwogopa!"

Watu wanacheka. Fundi naye anacheka peke yake upande wa pili, mashavu yanamwaka. Si ndivyo mumewe alivyo siku zote? Akimtania humtaja pembeni, kama mtu hayupo: "Mpishi wetu leo amenuna," naye mpishi amesimama pale pale na mwiko. Kwa hiyo Makanika alipoingia kibandani akamwambia, "Kofia ya dereva shona mpya, nzuri kuliko zote, ile ya majaribio imechoka," Fundi aliinamisha uso asionekane anavyofurahi.

"Rangi gani anataka huyo dereva wako?" akamuuliza, akiingia kwenye mchezo.

"Nyekundu iliyoiva. Na uipanue kidogo. Kichwa chake si unakijua?"

Fundi alicheka sana. Tangu waoane anaambiwa ana kichwa kigumu, sasa kimekuwa kikubwa pia. Akaipanua. Alitafuta ngozi kwa mtengeneza makochi, akaipaka rangi mwenyewe, akaikausha kivulini isijikunje. Alitumia uzi wa nta, mishono midogo, anatoboa kwa msharasi tundu moja moja na kukaza kwa meno. Vikombe vya macho akavivika kitambaa laini kisichokwaruza. Kazi za watu zikalala. Wenye viti vya pikipiki walikuja wakafoka wakaondoka, na yeye anawaambia kesho, kesho, hata aibu haoni. Alipoijaribu kichwani ilimcheza kidogo. Akasema haidhuru, nitajifunga kitambaa chini yake.

Kikabaki kitu kimoja tu, mkanda wa kidevu. Mkanda wa kidevu haushonwi kwa kipimo cha mezani. Unasubiri mpaka kofia ikae kichwani mwa mwenyewe, miwani ivaliwe, mkanda uvutwe chini ya kidevu chenyewe, uwekwe alama kwa sabuni, ndipo ushonwe. Ukikosea kidogo upepo unaivua kofia au mkanda unamkaba mtu koo. Fundi aliacha kazi hiyo mpaka Jumamosi asubuhi, kesho yake ikiwa mbio, kwa sababu alitaka mumewe amshikie kioo. Alifagia kibanda. Akaweka kiti katikati, akaandaa kipande cha sabuni, akaita ukutani: "Bwana Makanika! Mkanda!"

"Tunakuja!"

Kwenye hilo "tunakuja" hakusikia kitu.

Wakaingia wawili. Makanika mbele, mkono begani kwa Kitinda. Kitinda amenyoa nywele, amevaa shati jipya.

"Haya, Fundi wetu," Makanika akasema, sauti yake ile ya kuuzia wateja. "Mfungie dereva mkanda."

Fundi alicheka kidogo, akisubiri utani uendelee. Makanika akaichukua kofia nyekundu mezani akaiweka kichwani mwa Kitinda. Ikaingia. Haikubana, haikucheza. Ilimkaa masikioni, ikamkaa kisogoni, matundu yote mahali pake. Kitinda tangu utotoni ana kichwa kikubwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akichana shingo za fulana zake ili kipite. Alikitazama kichwa kile ndani ya kofia yake, akakalia kile kiti alichokuwa amejiwekea.

"Dereva ni nani?" akauliza.

"Si huyu hapa!" Makanika akasema. "Mke wangu, tusianze sasa. Wewe ndiye uliyemfundisha. Ushindi wake ni wako."

"Nakuuliza wewe. Uliweka mkono kwenye boneti ukaapa kwamba dereva ni nani?"

Makanika akaangalia mlangoni. Sauti ya wateja ikamponyoka, akabaki na nyingine ndogo ambayo Fundi hakuwa akiijua. "Watu wangesema nini? Kila mwenye gari pale anaendesha mwenyewe, au mwanawe, au mdogo wake. Mimi nisimame chini mlimani nimeshika kopo la maji, mke wangu ndiye anapanda? Wangenicheka mpaka uzee. Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka. Nikakuona umefurahi, nikashindwa."

"Ukashindwa kunikata furaha, ukaona bora nikushonee kwanza."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nimekaa hapa ninakusikia unanisifu ukutani, ninacheka peke yangu kama mwendawazimu, kumbe unamsifu mwingine! Umenivisha kilemba cha ukoka, bwana, halafu umenituma nikishone mwenyewe!" Alikuwa amesimama sasa, na machozi yanatoka, na hakuyafuta. "Ungeniambia hapana siku ile ile mtaroni ningenuna siku mbili ikaisha. Lakini umenifanya mjinga mchana kweupe, mtaa mzima unajua ila mimi. Nakuchukia kwa hilo. Sikiliza vizuri, sitanii. Nakuchukia."

Makanika akasema anakwenda kuangalia petroli. Akatoka kwa ubavu, huyo, mwili wote ule ukapita mlangoni bila kugusa kitu, na sauti yake haikusikika ukutani siku nzima.

Kitinda alibaki amesimama, kofia kichwani.

"Dada, naapa sikujua," akasema. "Shemeji aliniambia wewe mwenyewe umekataa. Alisema unaogopa zile kona za juu, unaona aibu kunieleza, nisikuulize."

Fundi alimtazama machoni, na akaona anasema kweli. Kitu kikamlegea kifuani. Angalau huyu. Basi kumbe wamedanganywa wote wawili, wote wawili wamechezewa shere na mtu mmoja, na mdogo wake huyu aliyemwogesha kwenye beseni sasa ameujua ukweli, amesimama mbele yake, na kesho bado haijafika. Hakuna kilichoharibika ambacho hakirekebishiki.

"Sasa umejua," akamwambia kwa upole. "Haya. Vua."

Kitinda hakuvua.

"Kitinda. Sijakuomba kitu tangu uzaliwe. Nakuomba hiki. Vua kofia, nivae mimi, kesho nipande ule mlima mara moja, halafu maisha yako yote uendeshe wewe."

Kitinda alipandisha mikono yote miwili akaishika kofia pande zote, juu ya masikio, kama mtu anayezuia upepo, na ndani ya kibanda hakukuwa na upepo.

"Nimeshaandikishwa, Dada," akasema. "Watu wameshajua ni mimi. Hata... kuna watu nimewaambia. Nikisema sasa si mimi, nitaonekana vipi? Na mimi sijawahi kuitwa kwenye kitu chochote, unajua. Mimi ni mdogo wa Fundi, shemeji wa Makanika. Mara moja tu niitwe mimi. Mwaka ujao wewe. Nakuahidi, Dada, mwaka ujao."

"Unajua kwamba nimeibiwa?"

"Najua."

"Na huvui."

 Alikuwa analia na yeye, ndevu zote zile, analia kweli kweli, na mikono haikushuka.

Hapo ndipo Fundi aliposikia maumivu yenyewe. Ya mumewe yalikuwa hasira, na hasira unaweza kuipigia kelele. Haya hayakuwa na pa kupigia kelele. Mtu aliyekudanganya angalau alikuogopa. Huyu aliambiwa ukweli wote, akaupima, akaona kofia ni nzito kuliko dada. 

Kisha akachukua kipande cha sabuni.

"Inua kidevu," akasema.

Kitinda akainua. Fundi alivuta mkanda, akaweka alama, akapitisha vidole viwili kati ya ngozi na koo kuhakikisha anapumua. Akamvalisha miwani, akakaza lastiki kisogoni, akamwambia apepese, ageuke kushoto, ageuke kulia. Alishona ule mkanda kwa mishono ile ile midogo, akairudia mara mbili kwenye kifungo cha chuma. Wapo waliosema baadaye kwamba wangekuwa wao wangemwonyesha, wangeacha uzi mmoja umelegea, upepo umtie adabu. Hao hawamjui Fundi. Ule ulikuwa mkanda bora aliowahi kushona, na alipomaliza alikata uzi, akaurudisha mkasi mahali pake, akafungua mlango mtu atoke.

Jumapili hakwenda mlimani. Alikaa kibandani akamaliza viti vyote vya pikipiki vilivyokuwa vimelala. Jirani aliyekwenda ndiye aliyerudi kumsimulia, mbio mbio, bila kujua anamchoma: Kitinda ameshinda, amewaacha wote kwenye kona za juu, halafu gari lilipomaliza likateleza kwenye changarawe likambwaga, akaangukia kichwa, akainuka hana hata mkwaruzo. Watu wote wanaulizana ile kofia imetoka wapi. Fundi alimshukuru jirani, akamwomba amshikie ncha ya ngozi aikate.

Alasiri wakarudi na gari, na kelele, na mtaa mzima nyuma yao. Makanika alipanda juu ya tairi akatoa hotuba. Alishukuru watu, akashukuru injini, akamshukuru mke wake mpenzi aliyewashonea kofia, na watu wakapiga makofi kuelekea kibandani. Kibandani hakutoka mtu. Makanika akacheka cheko la kuziba pengo, akaomba vinywaji viletwe.

Kitinda aliingia bila kubisha, kama alivyozoea. Ameloa jasho, duara mbili safi za miwani zimebaki kwenye uso wa vumbi. Kofia nyekundu ameishika mkononi.

"Dada," akasema. "Umeokoa kichwa changu, Dada. Ningekufa leo."

Fundi aliendelea kushona.

"Ila hapa sikioni pamefumuka nilipoanguka. Na plastiki moja imekwaruzika. Kuna mbio nyingine mwezi ujao upande wa pili wa mlima, wameniita. Nikasema nikuletee mapema."

"Weka hapo mezani."

Akaiweka. Uso ukamfunguka, akavuta kigoda akae, mtu aliyesamehewa. "Asante, Dada. Mimi nilijua tu, nilimwambia Shemeji, Dada hawezi..."

"Wateja wangu wananiita Fundi," akasema.

Kitinda akacheka. Alidhani anataniwa. "Dada bwana."

"Fundi."

Akamtazama dada yake kutafuta penye utani, hakupaona. Fundi alikuwa ameiacha sindano sasa, amemgeukia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti anayotumia kumwambia mtu zipu yake haina dawa.

"Dada yako alikuomba kitu kimoja jana. Alikuomba ukiwa unajua kila kitu, ukakishika kwa mikono miwili. Mimi sikukudai kunilipa malezi, wala sikudai leo. Lakini dada huna tena humu ndani. Fundi unaye. Kazi yako itakuwa tayari Jumatano, na nitaifanya vizuri, usiwe na wasiwasi. Ukija kuichukua, bisha hodi."

Nje walikuwa wanamwita. Dereva! Dereva yuko wapi? Dereva aje! Kitinda alisimama katikati ya kibanda alichokulia, akainua mkono kama anayetaka kumgusa bega, akaurudisha. Mdomo wake ulijaribu lile neno la zamani, ukajaribu hili jipya. Mwisho akapata moja.

"Haya... Fundi," akasema.

"Karibu tena," akamjibu.